Gemu Inazima Kila Tukifika Nyakahura

Deo,

Mama msalimie huko mliko. Wewe salamu sikupi. Aliyetaka kusalimiwa angebaki.

Nakuandikia nikiwa dukani, kwenye kaunta, huku natoa fotokopi za watu, na nina hasira na wewe. Nimejaribu kuomboleza kama dada wa watu wengine. Nililia kanisani, nililia kaburini, nikawavumilia wote waliokuja kunishika mkono na kuniambia kazi ya Mungu haina makosa. Ya Mungu sijui. Yako ilikuwa na makosa, mdogo wangu, na nimekaa wiki mbili nikiyafukua moja moja ndani ya kompyuta yako.

Siku ya kumaliza msiba ndugu walikaa uani wakagawa vitu vyako. Baiskeli ilikwenda Nyakisasa kwa binamu, koti akachukua mjomba. Ilipofika zamu ya kompyuta, Baba Mdogo alisimama akasema mashine hiyo ndiyo iliyokuua, itolewe kwenye mji huu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nami nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nawaza hivyohivyo. Ndipo Baba akasema pale kwenye kiti chake, "Hilo ni lori langu. Mpeni Imelda."

Kwa hiyo nikarithi lori. Kesho yake asubuhi nikaiweka mezani kwa Baba, nikamsogezea ule usukani uliomfungia, wenye gia na breki na mafuta yote mkononi. Unakumbuka ulivyomwambia siku ya kwanza? "Mguu hauhitajiki, Mzee. We endesha tu." Mtu aliyeendesha malori njia ya Rusumo maisha yake yote, sukari ikamla mguu, halafu wewe ukamrudishia barabara yake ndani ya gemu, mlima kwa mlima, daraja kwa daraja. Hilo nilikupendea. Naliandika hapa mwanzoni ili ujue nalijua, maana yanayofuata si ya sifa.

Alianzia Rusumo, akapanda, akapita Benako. Siku zako barabara ilikuwa inaishia kwenye kibao cha kuingilia Nyakahura, na ulimwahidi kwamba utakapomaliza kile kipande cha mwisho atafika mpaka nyumbani kwetu, mlangoni. Akavuka kibao. Akaona nyumba ya kwanza, picha ikaganda, kioo kikawa cheusi, gemu ikajifunga yenyewe. Tulirudia mara tatu, na mara tatu ilikufia palepale. Baba akaomba apelekwe kitandani.

Deo, hajatoka tena chumbani. Uji anakula vijiko viwili. Nikimpelekea chai asubuhi haulizi habari za duka wala za mtu yeyote, anauliza, "Barabara imefunguka?" Nikimwambia bado anageukia ukutani. Nilimwambia aendeshe hata hiyo ya zamani, aishie kwenye kibao. Akanijibu, "Mwana wanje, dereva halali njiani na nyumbani anapaona." Nilikuwa nimekuzika wewe, sasa naona mwingine anajiandaa, na ufunguo wa kumzuia umeufungia kwenye mashine ambayo hukumwelekeza mtu.

Hapo ndipo nilipoirudisha mashine dukani, nikafungua uchafu wako. Modi, hizo nyongeza za gemu, mia tatu na kumi na mbili! Nani anapachika vitu mia tatu na kumi na mbili kwenye gemu moja, kwenye kompyuta iliyonunuliwa mtumba? Na majina uliyozipa: "hii", "hii mpya", "hii ndiyo", "usiguse", "usiguse 2". Hukuacha hata karatasi moja inayosema ipi itangulie na ipi ifuate. Nilikuta mvua mbili zinanyesha kwa pamoja, kila moja inataka kuiua nyingine. Nilikuta ngurumo tano za injini kwa lori moja. Nilikuta mabasi ya nchi ambazo hata hujui zilipo, yanapita Nyakahura matupu.

Nikazitoa zote. Nikarudisha nusu, nikajaribu. Nikaongeza nusu ya zilizobaki, nikajaribu. Hivyohivyo siku baada ya siku, mteja akija naacha, akiondoka narudi. Mvua moja nikaifuta. Nikapunguza vivuli, nikapunguza vioo vya pembeni, miti ya mbali nikaiondoa. Nikaipa kompyuta nafasi ya kuazima kwenye diski pale kumbukumbu yake, hiyo RAM, inapojaa. Sasa ilikuwa haifi ghafla. Ilikuwa inajikokota, inahema, halafu inafia mlango wa pili badala ya wa kwanza. Nilipiga meza mpaka kikombe kikaanguka.

Mwishowe nikafungua lile faili ambalo gemu huandika kila inachofanya. Nikasoma mstari wa mwisho kabla ya kuzima. Ulikuwa ni jina la picha: "mama Zawadi mlangoni". Nikaifungua folda yako, nikakuta Nyakahura nzima.

Nilikuwa nimekwisha sahau. Ile Jumapili ulipopita na simu baada ya misa, unasema unapiga picha za nyumba za barabarani, na watu wakakataa nyumba zao zipigwe peke yake. Mama Zawadi alirudi ndani kubadilisha kitenge. Fundi baiskeli akasimama na mkewe. Kwaya wakajipanga na sare zao. Yule mzee wa mbuzi akamvuta na mbuzi. Nilikuambia jioni ile, piga nyumba tano sita, zinatosha. Ukasema, "Dada, nikimwacha mmoja nitasemwa mpaka kwenye jumuiya." Ukawachukua wote. Ukawaweka wote kando ya barabara, kila mmoja na picha yake kama ilivyotoka kwenye simu, kubwa kiasi cha kubandikwa ukutani kanisani. Lori likivuka kibao, gemu inalazimika kuwabeba watu wote wa Nyakahura kwa mpigo, na mbuzi wao. Ingeachaje kufa?

Na mimi kazi yangu ni nini, Deo? Nalishwa na nini? Napunguza picha! Kutwa nzima hapa napiga za pasipoti, nazipunguza, natoa. Meza yangu ni hatua tano kutoka meza yako. Ungeniuliza mara moja tu.

Lakini hilo ningekusamehe. Nitakuambia nisilokusamehe. Nimeona tarehe za mafaili hayo. Mama Zawadi, fundi, kwaya, wote umewaweka katika siku zilezile nne ulizokuwa unawaka homa. Nilikuja mlangoni kwa kile chumba chako cha nyuma ya duka, nikakuambia twende zahanati. Macho yako yalikuwa ya njano. Ukasema, "Nimalizie hii kona." Nikarudi mchana na chakula, ukasema umemeza dawa ya maumivu, homa imeshuka, bado kona moja. Siku ya nne tulikubeba kwa pikipiki umeshikwa katikati yetu, unaongea maneno yasiyoeleweka, na daktari akasema malaria imepanda kichwani, mbona mmechelewa. Mbona mmechelewa! Mimi ndiye niliyeulizwa. Wewe ulikuwa hujibu.

Ulishindwa kumkatalia mtu na mbuzi wake, ukaweza kunikatalia mimi siku nne. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema, na wanasema huku wanakunywa chai ya msiba. Mimi sitaki methali. Nataka kujua kwa nini hukuzima mashine nusu siku. Zahanati iko pale, unaiona ukisimama kwenye mlango wa duka. Na nataka kujua kwa nini mimi nilirudi nyumbani na sahani yangu, badala ya kung'oa waya ukutani. Hilo najiuliza mwenyewe, na hasira yake ni mbaya kuliko hasira yako.

Nikazipunguza. Nilitamani kuwafuta wote ili nimalize, kidole kilikuwa tayari. Nikashindwa. Nilimpunguza Mama Zawadi mpaka kitenge chake kikabaki rangi tu, na ukikaribia sana pua inapotea, lakini ni yeye, kusimama kwake unakujua. Nikamaliza watu sitini na wanne na mbuzi. Gemu ikapita kibao, ikapita nyumba ya kwanza, ikapita ya pili.

Jumamosi asubuhi mashine nilikuwa nimeirudisha mezani kwake, na nilipoingia na chai, Baba akauliza swali lake. Nikasema, "Imefunguka." Alikaa mwenyewe, hakungoja nimwinue.

Alianzia Rusumo. Nilimwambia aanze karibu, akanitazama kama nimemtukana. Ilichukua asubuhi nzima. Kwenye kibao nilishika ukingo wa meza. Lori likaingia Nyakahura na halikufa. Baba akapunguza mwendo, akaanza kuwapigia honi mmoja mmoja, anawataja kwa majina. Alicheka alipoona mbuzi. Sijamsikia akicheka tangu tukuzike. Akafika kwetu, akakata kona, akasimama mbele ya mlango. Akajiona mwenyewe kwenye kiti chake. Akaniona mimi kwenye kamba ya nguo, nimenuna. Akasogeza macho huku na huku, nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

"Deo yuko wapi?"

Nikamwambia, "Ndiye aliyekuwa ameshika simu, Baba."

Aliutazama tena ule mlango, mikono kwenye usukani. Halafu akasema, "Si angempa mtu simu." Akaweka breki ya mkono, akalia. Nami nikalia, na nilikuwa nimeapa sitalia tena kwa ajili yako.

Majirani wanasema nichukue ile picha yako ya kwenye msalaba wa kaburi nikuweke mlangoni, ndani ya gemu. Nimekataa, na Baba amekataa. Hukuwepo, na hatutadanganya kwamba ulikuwepo. Baba leo amekula ugali, ameomba na maharage ya kuongeza. Amekubali kurudi kliniki ya sukari Jumatano, na nimemwambia asipokwenda nafunga barabara. Ameniita polisi.

Basi pumzika, mdogo wangu. Nakuahidi Baba atafika nyumbani kila siku anayotaka kufika, na mashine yako haitatupwa na mtu nikiwa hai. Kukusamehe bado. Siku nikikusamehe nitakuja kaburini nikuambie mwenyewe, kwa mdomo wangu. Usinisubiri kesho.

Dada yako,
Imelda