Kona ya Chini ya Picha ya Bi Miriam

Ilford, London
Oktoba 2002

Mama yangu kipenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Najua mdogo wangu Time ndiye anayekusomea, basi asome polepole wala asiruke mahali anapotajwa. Macho vipi? Ile dawa ya matone ilikufikia? Mimi ni mzima, ila magoti yananilalamikia baridi, na baridi yenyewe bado haijaanza.

Nilishakueleza juu ya Bi Miriam, yule mzee wa Kiyahudi ninayemwangalia nyumbani kwake. Sebuleni ana picha iliyoshonwa kwa sindano: nyuzi za sufu zimejazwa juu ya kitambaa cha matundu, simba wawili na taji katikati. Imetundikwa ukuta wa mashariki ili ajue pa kuelekea akisali, kama sisi na kibla. Ndicho kitu pekee alichokuja nacho Uingereza. Alikuwa na miaka tisa, mama yake kampandisha treni peke yake kabla ya vita vikuu vya pili. Hawakuonana tena.

Sasa mjukuu wake anaolewa, na Bi Miriam anataka kumzawadia picha hiyo. Lakini kwanza alitaka kujua kwa hakika kama ni kazi ya mkono wa mama yake, maana binamu yake amekuwa akimwambia miaka yote kuwa ilinunuliwa dukani tu.

"Sitampa mtoto uongo siku ya harusi yake," aliniambia.

Basi Jumapili akaja mthamini wa vitu vya kale, bwana mmoja mwembamba mwenye lenzi ya mkononi. Akaitoa picha kwenye fremu, akaipima, hata akainusa. Akasema kwa upole kuwa michoro ya namna hii ilikuwa ikichapishwa kiwandani na kuuzwa pamoja na nyuzi zake, na wanawake wengi walishona simba hawa hawa.

"Aliyeshona ni fundi. Ni nani hasa, picha haisemi," akasema. "Na hii kona ya chini inaiharibu."

 Bi Miriam alikunja mikono mapajani, akageukia dirishani. Mama, roho iliniuma.

Iliniuma zaidi kwa sababu kona hiyo mimi mwenyewe nilikuwa nikiicheka kila nikipangusa kioo. Mishono ya picha nzima imelala upande mmoja, pale chini imelala kinyume, mingine imekazwa mpaka kitambaa kimejikunja. Wewe umetulea tukifumua kofia kwa ajili ya kiua kimoja kilichopinda, basi nikamhukumu aliyeshona kuwa ni mvivu. Na siku moja nikamwambia hivyo Bi Miriam, kwa hili domo langu.

Mthamini alipoigeuza nyuma ndipo nilipoona. Mama, ilikuwa kama kazi ya Time yule yule. Unakumbuka alivyokuwa akikaa mbele yako kujifunza viua vya kofia, na kwa mashoto yake kila ulichofanya yeye anakitoa kinyume, ukawa unamfumulia akiwa chuoni kusoma Kurani, asijue?

"Huyu si mvivu," nikasema. "Ni mtoto wa mashoto. Alikaa akimtazama mtu anayeshona kwa mkono wa kulia."

Mthamini akaniuliza nimejulia wapi. Nikamwambia, kwa mama yangu, Pemba, kwetu tunashona kofia. Akarudisha lenzi, akainama kitambo kirefu. Kisha akatuonyesha: pale konani uzi wa fundi haukukatwa. Uliendelea mkononi mwa mtoto, ukarudi tena kwa fundi. Walikuwa wakipokezana sindano moja.

Mimi mwaka wa tatu huu namwekea Bi Miriam kikombe upande wa kushoto. Akanyoosha mkono wake huo wa kushoto, akaweka vidole juu ya kona.

"Nilikuwa na kiti changu kifupi," akasema. "Nilikuwa nakaa mbele yake. Nimesahau vipi kile kiti?"

Akalia, nami nikalia. Mthamini akajitia anafuta miwani. Kwenye karatasi yake ameandika: kazi ya mama na binti. Amenialika niende kwake siku zangu za mapumziko nimsaidie kutazama kazi za sindano, nami nimekubali mara moja.

Alipoondoka tukabaki na chai.

"Saada, mama yako yu hai?" Bi Miriam akaniuliza.

"Yu hai."

Akanitazama tu. Mama, niliona haya. Karatasi zangu za ukaazi zimetoka tangu mwaka juzi, na kila mwaka nasema mwakani. Miaka sita sasa hatujaonana. Sina udhuru wa kukupa.

Nisalimie kaka Hamadi na mkewe, shangazi wa Wete, na jirani yetu fundi cherehani. Time, wewe nakubusu huo mkono wa kushoto.

Tiketi nimeshakata. Bi Miriam atakaa kwa mwanawe mpaka nirudi. Inshallah nitafika kabla mwezi wa Idi haujaandama. Usije uwanjani kunipokea, Mama. Kaa ndani kwako. Nataka nifike mlangoni, nikuite, nisikie ukiitika.

Mwanao,
Saada