Baba Ajipa Kumi

Tartu, Estonia, 9 Novemba

Kaka yangu mpendwa Urmas,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu. Mimi na watoto hatujambo, ila mafua tu ya majira haya. Natumaini wewe na wifi huko Perth, Australia, mko salama, na kwamba kazi ya mgodini haikuchoshi mno. Nakutumia barua hii kwa baruapepe ikufikie leo. Kwenye simu sisi wawili huishia kuongea hali ya hewa.

Baba hapo hospitalini bado anakula mkate mweusi na dagaa wa kopo. Maumivu yanatulizwa kwa sindano. Muuguzi wake mnene amempachika jina Trekta, naye humjibu, “Nyamaza mzee, nisije nikakukanyaga.” Wanapendana sana.

Unajua kwamba idara yetu chuo kikuu inapima utulivu wa roho kwa watu wasio na dini, yaani karibu nchi nzima. Maswali tuliyatunga mimi na wenzangu: je, maisha yako yana maana? Je, moyo wako umetulia? Mtu hujibu kwa alama, sifuri hadi kumi. Zamu ya wodi ya baba ilipofika sikuruhusiwa kumhoji mimi, binti yake, kwa hiyo alikuja mwanafunzi wetu, Liisbet. Nilikaa pembeni nikimenya tufaha. Baba, ambaye kanisani aliingia kwa ajili ya kutengeneza jiko la kupasha joto tu, alijipa kumi kila swali. Liisbet alitoka akitabasamu. Nami nikakupigia, nikakwambia usihangaike na tiketi, baba ametulia, njoo kiangazi.

Jumapili nilimuuliza hizo kumi amezitoa wapi. Alicheka mpaka akakohoa.

“Maarika mwanangu, yule binti ana mtoto mchanga. Maziwa yalikuwa yameshalowanisha blauzi. Ningesema tatu, angeniuliza kwa nini tatu. Angefika kwake saa ngapi?”

Nikamuuliza, basi ukweli ni ngapi? Akasema mambo ya alama hayajui, anachojua ni kwamba anaogopa. Si jehanamu, hiyo haiamini. Anaogopa kwamba siku yake itafika akiwa bado anatazama mlango, maana kila anaposikia viatu koridoni hudhani ni wewe. Akaniuliza kama unakuja. Nikamwambia ni mimi niliyekuzuia. Hakukasirika. Alisema tu, “Kule ni mbali,” akageukia ukutani.

Jumatatu nilimweleza mkuu wetu kwamba majibu ya baba si ya kweli. Akasema jibu la mhojiwa ni jibu, likae. Limekaa. Katika hesabu zetu baba ndiye mtu aliyetulia kuliko wote wodini.

Kaka, nilikupotosha. Niliamini kipimo changu kuliko uso wa baba, na uso huo nilikuwa nauona kila siku. Daktari sasa anataja wiki, si miezi. Usingoje kiangazi.

Msalimie wifi, umwambie soksi alizofuma zimemtosha baba. Ukija, vaa koti zito, huku theluji imeshaanza. Jana jioni nilimwambia baba kwamba umekata tiketi. Alimwita Trekta amnyoe ndevu.

Usiniache niwe mwongo.

Ni mimi dada yako,
Maarika