Kungwi Kaalikwa, Wapiga Ngoma Wamefukuzwa

Nachingwea, Alhamisi, Mei 2008. Jua linachoma, na mimi nimefura kuliko jua.

Mlikuwa wapi nyie mnaonisoma? Mwezi mzima hata hodi! Kimya chenu kinatuponza, na leo nitawaambia kinavyotuponza.

Shule sikuiona. Mimi nasema, mjukuu wangu Somoe anaandika. Ndiye aliyetengeneza ukurasa huu wa kikundi chetu cha akinamama wa ufuta, na shajara yangu imo humo humo. Kazi hiyo ndiyo inayomweka hapa mjini. Ikimponyoka, anarudi kijijini Likunja.

Jumatatu ukurasa ukazimika. Mweupe pee! Mwenyekiti wa kikundi akamtolea macho Somoe wangu mbele za watu: hujui kazi, kompyuta nampa Shaibu.

Shaibu ni mpwa wake, katoka Dar juzi. Naye akajisema mwenyewe, tena kwa majivuno: “Bibi, mimi nilifuta takataka tu nipate nafasi ya miziki yangu. Hakuna aliyeziagiza zile.”

Takataka!

Somoe alishanieleza. Humo ndani ya kompyuta kuna programu ya kusimamia vifurushi, yaani programu ndogondogo zinazouendesha ukurasa. Ukiiagiza ikuletee kifurushi kimoja, inajua kinategemea vingine vipi, inavileta vyote, kila kimoja na mwenzake. Shaibu akaviona hivyo vilivyofuatana, akavitupa kwa mkono. Ni sawa na kumwalika kungwi, halafu wapiga ngoma wake unawafukuza mlangoni ati hukuwaalika. Mwali atachezwa kwa ngoma ipi?

Nilimwita Shaibu jina ambalo Somoe amekataa kuliandika. Kisha nikampakulia wali, maana alikuwa na njaa. Hasira yangu haijawahi kumnyima mtu sahani.

Somoe akaiagiza ile programu ivilete upya vyote vilivyotupwa. Intaneti inajikokota kama mgonjwa, tumekaa tunaitazama, yeye anatafuna kucha. Jana alasiri ukurasa ukarudi, na ufuta wetu ukaonekana.

Mnadhani mwenyekiti aliomba radhi? Thubutu! Alisema: “Haya, umerudi. Lakini anauona nani?”

Hapo ndipo kimya chenu kinapotuponza: hamjaacha hata jina moja la kumwonyesha.

Jumamosi wanakaa kikao kuamua kompyuta inabaki kwa nani. Kwa hiyo wewe unayesoma, siku ukija tena usipite kimyakimya kama mwizi wa kuku. Acha salamu hapa chini, na jina lako, na unakotoka. Somoe atazisoma kwa sauti, mwenyekiti akiwa amekaa.