Masatu Anahesabu, Mimi Nashika Breki

Kitaji,
Musoma.
16 Juni, 2024

Mpendwa dada Rebeka,

Shikamoo. Habari za Songea na baridi yenu? Magoti yanaendeleaje? Hapa tunapumua, tunamshukuru Mungu.

Macho ya shemeji yako Masatu hayakurudi, dada. Daktari alisema presha ya macho imeshamaliza kazi. Tangu Januari alikuwa hatoki. Yeye aliyekuwaga ananibeba kwa baiskeli mpaka Bukima kwa mama yake, akabaki chumbani na redio.

Mimi nikakataa. Nikaenda kwa fundi baiskeli Fredy, kule Mukendo, akaunganisha baiskeli mbili ziwe moja: viti viwili, changu mbele penye usukani na chake nyuma, pedeli nne, zote zinazunguka pamoja. Masatu alipoipapasa akasema, "Mwanamume nibebwe na mke?"

"Hubebwi," nikamjibu. "Utakanyaga."

Kuondoka ndiko kulikotutesa. Ikishakwenda haina shida, ila ule mwanzo! Nikikanyaga, yeye bado anatafuta pedeli. Akikanyaga yeye, mimi bado nimesimama, pedeli inanipiga muundi. Tulianguka mara sita majirani wakitazama. Mara ya sita alichubuka kiwiko, akabaki amekaa vumbini. "Yunis, basi."

Nikamwambia, "Kesho saa kumi na mbili asubuhi."

Kesho yake aliamka kabla yangu. Alikuwa ameshaifikiria. "Wewe simama imara, kaza breki. Mimi napanda kwanza, miguu yote kwenye pedeli. Halafu niache nihesabu mimi."

Nikatanua miguu, nikakaza. Nikasikia amekaa. Akarudisha pedeli nyuma taratibu mpaka ya kulia ikapanda, nikaiwekea mguu. "Moja, mbili, twende!" Nikaachia breki. Dada, tuliondoka bila kuyumba hata kidogo! Nilipiga kelele kama mtoto.

Jana Jumamosi tumekwenda Bukima. Milima mikali tulishuka tukasukuma, na kila tulipopanda tena alihesabu yeye. Mapaja yangu leo hayataki ngazi ya kanisa.

Mama mkwe alikuwa anaanika dagaa. Alituona, akasimama na ungo mkononi. Kisha akaja akamfuta mwanawe jasho kwa kanga yake.

"Amekuleta mkeo?"

"Tumekuja, mama," Masatu akasema. "Nimekanyaga njia nzima."

Nisalimie shemeji Stanislausi na mwanangu Sara. Mungu awafunike huko mliko, na magoti yako ayape nguvu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda sana,

Yunis