Nani Aingie Darasani

3 Mei

Mjukuu wangu Chiriku,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni goti tu linalogoma, na sasa nasikia haligomi peke yake. Wewe hujambo? Kifua kimepona? Usinijibu "kiasi". Kifua kimepona au hakijapona.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekasirika. Ngoja niseme nilivyoelewa, maana mimi niliishia darasa la nne na nyinyi watu wa chuo mnaandika kwa kuzungukazunguka. Umebakiza muhula mmoja uwe mwalimu. Chuo kimekupeleka shule ya msingi ukafanye mazoezi ya kufundisha. Walimu wa shule hiyo, na wa nchi nzima, wanasema watagoma. Na chuo kimewaambia nyinyi wanafunzi: walimu wakitoka, nyinyi ingieni mshike nafasi zao, asiyeingia, mazoezi yake ni sifuri na mwaka anaurudia. Ndivyo? Halafu unaniuliza, "Bibi, nifanyeje?"

Ufanyeje nini? Ingia!

Hao walimu wenyewe ni watu gani? Walisema Jumatatu. Jumatatu ikafika, wakasema wanapisha mazungumzo. Sasa wanasema Jumatatu nyingine. Mgomo gani huo unaahirishwa kama harusi ya mlevi? Punda akigoma hatoi notisi. Anasimama tu, na mzigo wake mgongoni.

Na usiniletee habari za fahali wawili na nyasi. Wewe si nyasi. Wewe ni mtu mwenye miguu, na mlango wa darasa uko mbele yako.

Huku nimeshamwambia kila mtu. Fundi cherehani jirani yangu anajua, muuza maziwa anajua, hata wasiotaka kujua nimewajulisha: mjukuu wangu mwaka huu ni mwalimu. Usinivue nguo barabarani.

Niandikie. Kupiga simu sitaki. Simu ni ya jirani, na nikiongea nayo nyumba nzima inatega masikio.

Ni mimi, mwenye hasira na mapenzi,
Bibi yako


12 Mei

Shikamoo Bibi,

Nimefurahi kusikia u mzima, na pole kwa goti. Kifua kimepona. Kabisa, si kiasi.

Bibi, ungekuja ukakaa kwenye chumba cha walimu hata nusu saa. Tangu tangazo la chuo libandikwe ukutani, nikiingia mazungumzo yanakatika kama redio iliyoishiwa betri. Chai yangu nanywea dirishani, nimewapa mgongo. Hakuna anayenitukana. Afadhali wangenitukana.

Mwalimu wangu mlezi, huyu anayenifunza kazi, ana watoto mia na nne, darasa la tatu. Wanabanana wanne kwenye dawati la wawili, na wanaobaki wanakaa chini. Sauti yake imekwisha. Akitaka wanyamaze anagonga chupa kwa kijiko. Serikali iliahidi walimu wapya tangu mimi niko sekondari. Hawajaja. Badala yake tunaletwa sisi wa mazoezi, kila mwaka wengi kuliko mwaka uliopita. Tunafundisha bure, tunaondoka, wanaletwa wengine. Hicho ndicho wanachogomea, Bibi. Si mshahara. Wanataka watu.

Sasa nifikirie mimi. Nikiziba nafasi leo, mwakani nikiwa na cheti mkononi nani ataniajiri, na mwanafunzi mwingine yupo wa kuifanya kazi hiyohiyo bure? Nikikataa, hicho cheti chenyewe sikipati.

Nilimuuliza mwalimu mlezi. Alikuwa anasahihisha, hakuinua kichwa.

"Mwanangu, siku hiyo ukiingia sitakuchukia. Ila usije ukaniita mwenzio."

"Na nisipoingia?"

"Utarudia mwaka, na mimi sina uwezo wa kukusaidia. Usinifanye nikudanganye."

Mgomo umesogezwa tena, mpaka tarehe ishirini. Somo la hesabu za sehemu nimeliandaa, nikaambiwa subiri tuone. Nikaliandaa upya, subiri tuone. Watoto wananiuliza, "Mwalimu, kesho tuje au tusije?" Nawaambia njooni, na sijui kama nasema kweli. Wangegoma tukajua moja! Au wangeacha tukajua moja! Hii ya katikati inanila.

Nisaidie, Bibi, ila usinifokee.

Mjukuu wako,
Chiriku


16 Mei

Chiriku,

Salamu. Goti liko vilevile. Na nitafoka. Uliomba msaada, na msaada wangu huja na kelele zake, havitenganishwi.

Watoto mia na nne! Unawataja kama mtu aliyekutana na simba. Mimi nimezaa tisa, nikalea na wa marehemu dada yangu, huku napika, nafua, nalima, na chupa sikugonga. Mtoto ni mtoto. Unamtazama kwa jicho, ananyamaza. Kufundisha ni nini zaidi ya kusema, na wewe kusema ulianza kabla ya kutambaa?

Hata walimu wa hapa kwetu wamevimba vichwa. Juzi kwenye kikao cha wazazi nilisimama nikamwambia mkuu wa shule mbele za watu, "Wakigoma, njoo unigongee mimi. Hao watoto nitawashika, na fimbo sihitaji." Watu wakacheka. Mkuu wa shule hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeokota kitu.

Unasema wanataka watu. Kila mtu anataka watu! Mimi nataka mtu wa kunichotea maji, mbona sijagoma kunywa?

Basi sikiliza, hii ni amri. Tarehe ishirini utaingia darasani. Na usiponisikiliza, usiniandikie tena. Sitaki barua ya mtu aliyerudishwa mwaka kwa kusimama getini na mabango.

Kula. Lala.

Bibi yako


2 Juni

Mjukuu wangu,

Salamu. Hujambo? Kifua je? Sijapata barua. Labda na posta wamegoma.

Redio imesema mgomo ulianza kweli tarehe ileile, ukaenda wiki na kitu, kisha ukasitishwa "kupisha mazungumzo". Walimu wamerudi mikono mitupu. Wewe uliingia? Hukuingia? Redio haikusema.

Basi nikupe habari za huku, ucheke, unijibu.

Asubuhi ile ya kwanza mkuu wa shule alibisha hodi kwangu, bado nimeshika ufagio. "Bibi, ulisema." Ningefanyaje? Nilisema. Nikavaa nguo yangu nzuri, nikaenda. Nikapewa darasa la pili, vipande viwili vya chaki na kiti kibovu.

Mwanzoni nilikuwa malkia. Niliwasimulia habari za fisi aliyefuata njia mbili akapasuka msamba, wakatulia ukasikia nzi. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo kazi wanayojidai nayo! Hadithi ikaisha. Mmoja akaomba kwenda chooni. Nikamruhusu, na nusu ya darasa ikakumbuka choo. Waliobaki wakapigania penseli. Mwingine akalia anamtaka mama yake; nikamtazama kwa jicho, akalia zaidi. Kumbe jicho langu linawafaa waliolizoea tu.

Nikasema, haya, fanyeni hesabu. Wakafanya, wakaniletea madaftari. Chiriku, ile foleni! Wote wanataka kujua kama wamepata. Hesabu zenyewe si zile nilizoziacha mimi. Nikashika kalamu nyekundu nikaweka tiki. Tiki hapa, tiki pale, kila daftari, na kila mtoto anaondoka anarukaruka. Akaja msichana mmoja mdogo, macho kama ya hakimu.

"Bibi, huyu ameandika kumi na mbili, mimi nimeandika kumi na nne, na wote umetupa tiki. Nani kapata?"

Nikamwambia, "Kaa chini."

Hakukaa. Na kabla sijajua la kufanya, geti likafunguliwa, akaingia ofisa elimu na gari, na kipaza sauti, na mtu wa kupiga picha. Akanishika mkono akanisimamisha mlangoni. "Tazameni, wananchi! Bibi hana cheti, na darasa linakwenda! Sasa hao walimu wanadai waongezewe wenzao wa nini?"

Watu waliokusanyika getini wakapiga makofi. Unanijua, napenda kusifiwa tangu utoto wangu. Makofi yale yaliniwasha kama upupu. Wanamsifu bibi au wanamtukana mwalimu? Nami ndani ya kichwa changu nakuona wewe, na vitabu vyako vyote ulivyosoma, ukiambiwa hata kikongwe anaiweza kazi yako.

Kesho yake mkuu wa shule alibisha tena. Nikamjibu nikiwa kitandani kwamba goti limezidi. Halikuwa goti.

Sasa andika. Niambie ulifanya nini.

Bibi


9 Juni

Chiriku,

Barua zangu unazisoma au unazifungia sabuni? Salamu utazipata ukijibu.

Bibi


14 Juni

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti limepata nafuu. Mimi mzima wa mwili. Barua zako mbili nimezipata siku moja. Ya darasa la pili niliisoma nikicheka, kisha nikaacha kucheka.

Ulinipa amri mbili: niingie darasani, na nisipoingia nisikuandikie. Ya kwanza ilinishinda, nikaitii ya pili.

Wala usidhani nilikuwa shujaa. Siku ile niliingia, Bibi. Nilipita mbele ya walimu waliokaa kwenye ukuta wa nje, macho chini, nikaenda hadi darasa la tatu. Watoto wakasimama kuniamkia. Nikaandika tarehe ubaoni. Mkufunzi wetu wa chuo akapita kwenye korido na karatasi ya mahudhurio, akachungulia, akatabasamu. "Umetumia akili," akasema. "Mkishikilia wiki hii tu, hatutakuwa na haja ya kuwabembeleza hawa." Akaonyesha kwa kalamu, nje, ukutani.

Nikatazama alipoonyesha. Hao "hawa" ndio mimi wa mwakani.

Nikaweka chaki chini. Nikawaambia watoto leo hakuna masomo, nikawapanga mistari, nikawatoa hadi getini, wadogo nikawakabidhi kwa kaka na dada zao. Mkufunzi ananifuata nyuma, "Unajua unachofanya? Unajua?" Sikujua. Nilipofika kwenye ukuta, nikasimama mbele ya mwalimu mlezi. Alisogea kidogo, nikakaa.

Barua ya chuo imekuja: sifuri, nirudie mwaka. Wenzangu wote walioingia wamepita. Mgomo haukuleta hata mwalimu mmoja, umeleta kamati. Mwalimu wangu amerudi kwa watoto walewale mia na nne, na sasa hata mimi sipo wa kumsaidia, maana nimeondolewa shuleni. Niambie nilichopata hapo ni nini, kwa sababu mimi nakitafuta, sikipati.

Sikuombi unisamehe. Nimechoka tu, na nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Mjukuu wako,
Chiriku


21 Juni

Mjukuu wangu,

Salamu, tena salamu. Afya yangu njema. Nimesoma, nikakaa, nikasoma tena.

Mwaka mzima, Chiriku! Mwaka mzima! Nimeifokea barua yako mpaka kuku wakatoka jikoni. Unauliza umkasirikie nani kwanza. Subiri zamu yako, mimi bado sijamaliza. Nimekikasirikia chuo kinachomtuma mtoto akamnyang'anye kazi mtu mzima, kisha kinamwita mwenye akili. Nimewakasirikia walimu wako, waliotishia miezi kisha wakarudi baada ya siku chache: kama ni kugoma, gomeni basi! Yule ofisa na kipaza sauti chake nimemwachia Mungu, maana nikimwachia mdomo wangu nitafungwa.

Na wewe pia hujaniponyoka. Bibi akikwambia usiniandikie, maana yake niandikie upesi. Chuoni hamfundishwi hilo?

Mimi pia ninalo langu. Uliniuliza habari za kazi yako, nikakujibu habari za jina langu mtaani. Siku nyingine ukiniuliza jambo nisilolijua, nikatae kujibu. Nikijibu, usinisikilize. Hii nayo ni amri.

Likizo njoo hapa. Utakula, utalala, utaniambia kumi na mbili au kumi na nne, kisha utarudi ukaurudie huo mwaka wao. Na tarehe yoyote watakayokuambia uingie au usiingie, utaamua wewe.

Jana nilipita kwa fundi cherehani. Alikuwa ameshasikia, habari za aibu hazihitaji stempu. Akaniuliza na wateja wake wamekaa pale kwenye benchi, "Vipi, Bibi, mwalimu wetu amemaliza chuo?"

"Hajamaliza," nikasema. "Amegoma."

Akasimamisha mguu kwenye cherehani. "Mwanafunzi? Mwanafunzi anagoma kama nani?"

"Kama mwalimu," nikamwambia, nikashika njia yangu.

Bibi yako