Mpira Uliodondoka Kati ya Mkubwa na Mdogo

Nyumbani, ghorofani juu ya duka la vipuri,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana najua wewe hupenda kuziruka ukimbilie umbea. U mzima? Wifi yangu naye hajambo? Kile kikohozi kimekuachia, au bado unabishana nacho bila dawa kama kawaida yako? Sisi huku wazima. Shemeji yako mgongo unamsumbua kwa kuinua mafriji ya watu, lakini ulimi wake hauna maradhi. Mimi nipo pale pale kwa dobi, napiga pasi mashati ya watu nisiowajua sura, na nimeanza kuwatambua kwa kola zao.

Jambo hili sikutaka kukupigia simu, kwa sababu ungecheka kabla sijamaliza. Nataka ulisome ukiwa umekaa.

Mpwa wako Mlonjo (jina ulimpa wewe, na sasa shule nzima inamwita hivyo) ameingizwa timu ya kwanza ya mpira wa wavu. Si ile ya wadogo, ni yenyewe hasa. Yuko kidato cha kwanza, sare bado inamning'inia mabegani, na sasa anasimama safu moja na wasichana wa kidato cha sita. Wengine ukikutana nao njiani bila sare utawasalimia ukidhani ni wazazi wa mtu. Mwalimu wa michezo aliniita, akanieleza kuwa mtoto ana urefu na vidole vyepesi, na akisubirishwa na wadogo wenzake atalala. Alitaka jibu langu baada ya mechi ya jana.

Shemeji yako alifurahi mpaka akawa kero. Kila friji aliyokwenda kutengeneza, mwenye nyumba alisikia habari za Mlonjo kabla ya kusikia bei. Mimi nilikaa na maswali. Mtoto akipandishwa kwa wakubwa mapema anapata nini, na anaacha nini nyuma? Nimewauliza wateja, nimemuuliza hata dereva anayetuletea sabuni, na kila mtu ana jibu lake. Wewe nakuuliza kwa dhati, maana ulichezeshwa na wakubwa ukiwa bado sauti haijavunjika. Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi unachechemea huku unatabasamu. Ilikuwa raha au ulikuwa unatufurahisha sisi? Niandikie ukweli, hata kama hauna utamu.

Maana kuna mambo nayaona. Rafiki yake wa dawati moja, yule mnene mwenye kicheko kikubwa, yuko timu ya wadogo. Zamani walikuwa wakirudi pamoja, wakisimama kwenye dirisha letu la dobi kunisumbua. Siku hizi anapita peke yake, ananiamkia, anachungulia ndani kama vile Mlonjo amefichwa kwenye mashuka.

Sasa sikiliza kichekesho. Nilikwenda kuangalia mazoezi. Kwenye mchezo huu mpira ukija kati ya watu wawili, anayeutaka lazima apaze sauti aseme "Wangu", ili wasigongane. Basi mpira ukaja juu, katikati ya Mlonjo na nahodha wao. Mwanangu akafumba mdomo, akasogea kando, akainamisha kichwa kidogo, akampisha nahodha kana kwamba wamekutana mlangoni. Nahodha alikuwa anamsubiri yeye. Mpira ukadondoka kati yao, pu. Ukaja wa pili, ikawa vile vile, na safari hii nikamsikia kabisa akisema, "Karibu, dada."

Wenzake walicheka hadi wakakaa chini. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua aliyemfundisha. Nyumbani kwetu mkubwa hupita kwanza, mkubwa hupakuliwa kwanza, na ukisema "wangu" mbele ya mkubwa wako unatazamwa mpaka ukimeze. Hata wewe ulilelewa hivyo. Mwalimu akamwambia kuwa uwanjani hakuna dada wala shikamoo, akajizoeze kusema neno hilo hata nyumbani.

Akajizoeza. Alilisema chumbani, alilisema bafuni. Siku moja mezani kilibaki kipande kimoja cha mkate, baba yake akanyoosha mkono, na Mlonjo akatoa sauti ya uwanjani: "Wangu." Mkono wa shemeji yako ukabaki hewani. Mimi nilikimbilia jikoni nikacheke huko.

Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo furaha yake yote ikageuka, akasema mtoto atolewe kwa wakubwa kabla hajatuotea pembe. Mimi niliyekuwa na wasiwasi nikajikuta namtetea. Kumbe hata sisi wenyewe tulikuwa tunabishana bila kumuuliza mwenye miguu.

Nikamuuliza tukiwa tunakunja mashuka, yeye ncha hii na mimi ncha ile, maana hapo hawezi kunikimbia. Akasema anapenda kucheza na wakubwa kwa sababu mpira wao unakuja kwa kasi na hapati muda wa kuogopa. Lakini safarini na wakati wa kula anateseka. Mazungumzo yao ni ya wachumba na mitihani ya mwisho, na yeye anakaa anatafuna tu. "Mama, nikicheka wanadhani nimeelewa." Maneno hayo yalinichoma. Nikaenda kwa mwalimu, naye hakuleta ubishi: timu zote mbili husafiri basi moja, basi Mlonjo akae na wa rika lake, ale nao, acheze na wakubwa. Lakini jibu la mwisho sikumpa bado, kwa sababu ya baba yake.

Jana tukaenda wote wawili. Seti ya mwisho, pointi zimekaribiana, shemeji yako amekunja mikono kama askari wa zamu. Mpira ukapanda juu, ukaanza kushuka palepale pa siku zote, kati ya Mlonjo na nahodha. Nikaona mdomo wa mwanangu unafunguka na hakuna kinachotoka. Nahodha angeweza kuuchukua, ulikuwa karibu naye zaidi, na huu ni mwaka wake wa mwisho. Akarudi nyuma hatua moja, akapaza sauti: "Wako, mdogo wangu."

Mlonjo akaruka, akaupiga kwa nguvu zake zote, ukanasa kwenye wavu, haukuvuka. Tukafungwa.

Nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yake. Alisimama ameziba uso kwa mikono. Nahodha akamfuata, akamshika kichwa, akamwambia kitu, kisha wakatoka uwanjani pamoja mbele ya ile halaiki yote. Njiani nilimuuliza mtoto ameambiwa nini. Ameambiwa ule ulikuwa wake, na utakaofuata pia ni wake.

Tulipofika ngazini shemeji yako akasimama. Hapo akaniuliza kama namjua yule nahodha ni binti wa nani, kwa sababu anataka kwenda kuwapa wazazi wake mkono. Leo asubuhi nimempelekea mwalimu jibu, kwamba abaki. Sijui kama nimepatia. Nilikuwa naogopa wakubwa watamfundisha kunyang'anya, na jana nimemwona mkubwa akimwachia.

Msalimie sana wifi yangu, na mapacha, na baba mkwe wako mwenye hadithi ndefu. Shangazi yetu anakusalimu na anauliza utakuja lini. Mola akulinde uendako na urudiko, akupe watu wema wa kukuzunguka huko mbali.

Wako, nikupendaye bila kuchoka,
Dada yako.