Orodha ya Mwandulu

Jumatatu, 8 Juni 1998
Chai, miwani, kompyuta. Kila ninapoijenga upya programu ya chapa za ng'ombe, inayounganisha orodha za wenye mifugo wa kila kijiji, maonyo kumi na moja, yale yale: chapa imo katika orodha mbili, ya kwanza imetumika. Biashara imefunguliwa, wachuuzi wanatoka kila kona. Mnadani lazima ijulikane ng'ombe ni wa nani. Masanja, fundi tuliyeletewa kutoka Mwanza, aniitaye guku, yaani babu, anapiga miayo. "Guku, onyo si kosa. Programu si inafanya kazi?" Nalichukia jibu hilo.

Jumanne, 9 Juni
Masanja ameongeza mstari mmoja kwenye skripti, yale maagizo ya kuijenga programu. Maonyo hayaonekani tena. Hakurekebisha kitu, ameyaficha tu. Kisha akaniomba chai! Nimemnyima. Nakala ya orodha ya chapa imechapwa, imepelekwa mnadani Sapiwi.

Ijumaa, 12 Juni
Mnada wa Sapiwi. Sungusungu, walinzi wa jadi, wamekamata maksai wawili wa mama mjane, Mayu Kabula. Nakala yetu inasema chapa ile ni ya mtu mwingine. Jumatatu wataamua kama ni mwizi. Akaniambia mbele ya watu wote: "Mume wangu alikufa na jina safi, guku. Mashine yako imemfanya mwizi kaburini."
Masanja atanitambua.

Jumamosi, 13 Juni
Nimemtukana. Kisha nimefuta mstari wake, nimejenga upya, nimesoma maonyo hadi mwisho. Orodha ya kwanza ni ya Mwandulu, kijiji chetu cha zamani.
Mwandulu. Serikali ilituhamishia vijiji vipya kwa malori, nyumba zikiungua nyuma yetu. Miaka ishirini na minne hakuna kijiji pale. Orodha hiyo niliiandika mimi, kwa kumbukumbu, nikaiweka juu ya zote. Kwa uchungu tu. Humo chapa ile nimeiandika ya jirani yetu, ambaye siku ya kuhama alimwachia mkwewe ng'ombe pamoja na chapa. Mkwewe ndiye marehemu mume wa Kabula. Nilikuwapo. Nilishika kamba.
Wiki nzima nimeyakasirikia maonyo. Sikuyasoma. Mzee mpumbavu.

Jumapili, 14 Juni
Nimeiondoa Mwandulu. Programu imejengwa bila onyo hata moja. Baiskeli hadi Sapiwi, nakala mpya mkononi. Maksai wamefunguliwa. Nimemwambia Kabula, sungusungu wakisikia, kwamba kosa ni langu, si la mashine. Akaswaga maksai wake.
Masanja nimemchemshia chai. Amekunywa yote.
Majina ya Mwandulu nimeyanakili hapa, ukurasa wa nyuma, kwa wino. Humu hayamdhuru mtu.